Wadi Ikishuka Ibra

Siku ya kuagana mlinipa kipaza sauti, nikasema maneno mawili tu, ahsanteni na kwaherini, kisha nikakaa kitako nikala keki. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa nyinyi mnaokaa sasa katika chumba cha mawasiliano, kwenye kiti kile ambacho mguu wake mmoja ni mfupi na hakuna aliyewahi kuutengeneza. Vyeo sitaviandika. Vyeo vimo kwenye mafaili, na mafaili yamo kabatini. Nitaandika juu ya khofu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kuogopa mapema, kabla wengine hawajapata sababu.

Wengi wenu mnaniita Bi Raya, na mnanijua kwa chai yangu kali na kwa tabia ya kutizama mawingu hata siku ya harusi ya watu. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Ibra, nchi ya Waarabu, nikiwa na miaka kumi, sijui Kiarabu isipokuwa cha kwenye msahafu. Watoto wa mtaani walinicheka, mpaka nilipogundua kwamba bibi zao, wakifunga mlango, walikuwa wakisemezana Kiswahili vilevile kama sisi. Ndivyo mji wetu ulivyo. Ukipiga hodi nyumba hii unajibiwa karibu, ukipiga ya pili unajibiwa kwa Kiarabu, tafadhal, na ya tatu wanachanganya vyote viwili katika pumzi moja.

Ibra ni mji mdogo, lakini mambo yote ya upande wetu huishia hapa. Mtu wa milimani akiumwa, analetwa Ibra. Akitaka hati ya shamba, Ibra. Akigombana na mkwewe mpaka wafike kwa kadhi, wanakuja Ibra, kila mmoja na gari lake. Na barabara ya milimani, kabla haijaingia mjini, inashuka ndani ya wadi, yaani bonde la mto wa mvua, mara tatu. Hakuna daraja pale, lami tu iliyolazwa juu ya changarawe. Siku mia tatu na ushei za mwaka wadi ni kavu, mbuzi wanalala ndani yake. Halafu mvua inanyesha mlimani, mahali ambapo wewe huioni, na wadi inashuka. Kazi ya ofisi yetu ya maji ilikuwa kujua kwamba imeshuka kabla haijafika kwenye vile vivuko vitatu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Aliyenipokea alikuwa fundi wa vipimo, Ami Nassor, mtu mfupi mwenye kofia iliyofifia rangi kwa jua. Aliniangalia viatu, kisha uso.

"Shikamoo, Ami," nikasema.

"Marahaba. Wewe binti wa nani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, maana alimjua babu yangu huko tulikotoka.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, Ami."

"Vizuri. Anayejua kuogelea hujiona mjanja mbele ya wadi. Nimewazika wawili."

Alisema kama mtu anayenionyesha chumba cha choo kiko wapi. Kisha akanikabidhi redio, daftari refu lenye jalada la kitambaa, na orodha ya wasomaji wetu, yaani watu wa vijijini waliokuwa wakiangalia ubao wa kupimia maji na kututajia namba. Ubao wenyewe ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye mwamba, kimechorwa mistari kwa sentimita, myekundu na myeupe. Hakiharibiki, hakitaki umeme. Mnaucheka sana ubao ule, nalijua hilo.

Ami Nassor alinifundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kwamba mdomo wa kipima mvua uangaliwe kila mwezi, sisimizi hupenda kujenga ndani, na ukisahau utaandika ukame wakati watu wanazama. Kwamba sanduku la mashine lifunguliwe kwa kijiti, si kwa mkono, kwa sababu ya nge. Kwamba ile kalamu iliyochora mstari juu ya karatasi yenye kuzunguka hukauka wino mwezi wa sita, nawe usiitemee mate, ingawa yeye mwenyewe nilimwona akiitemea. Na alinifundisha kuuliza.

"Usimuulize msomaji maji ni mengi au machache," alisema. "Mtu aliyekaa na kiu mwaka mzima, kikombe kimoja kwake ni mengi. Muulize yamefika wapi. Muulize anaona nini. Akisema anafikiri, mwambie asifikiri, atizame."

Redioni ilitakiwa tuseme Kiarabu rasmi, na mie nilijitahidi, wasomaji wakinicheka waziwazi. Lakini nusu ya wasomaji wa wadi ya juu walikuwa watu waliorudi kutoka Afrika kama sisi. Siku za kawaida walitaja namba kwa Kiarabu kizuri. Siku ya maji, lugha iligeuka. Mzee Seif wa kijiji cha Sidra, kilicho juu kabisa katika orodha, alikuwa akianza na salamu ndefu za adabu, na katikati ya sentensi utamsikia: "Raya, Raya, yanakuja, yallah, yanakuja!" Mkubwa wetu alilalamika mara moja, kisha akaacha.

Wadi ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilinikuta kwenye ukingo wa kivuko cha tatu, nimesimama na Ami Nassor. Mbingu juu yetu safi. Nilikuwa nikimwambia kwamba labda Mzee Seif amekosea. Ndipo nikasikia kitu kama lori kubwa linalomwaga mawe, mbali, lisilomaliza kumwaga. Ami Nassor alinishika mkono wa juu, akanivuta nyuma hatua kumi. Yaliyotokeza kwenye kona hayakuwa na sura ya maji. Ulikuwa ukuta mdogo wa takataka, rangi ya kahawia, unakuja kwa mwendo wa mtu anayekimbia, mbele yake magogo ya mitende, mtungi wa gesi, mbuzi mmoja aliyekuwa bado anapiga kelele. Baada ya dakika chache palikuwa na mto mahali nilipokuwa nimesimama. Nilikaa chini hapohapo. Ami Nassor hakunicheka. Alisema, "Hivyohivyo. Khofu hiyo usiipoteze, utaihitaji."

Sikuipoteza. Taabu ni kwamba baada ya miaka michache nilipata na ya pili.

Nitaisimulia kwa ufupi kwa sababu sipendi kuisimulia. Asubuhi moja Mzee Seif alitaja mita moja na nusu pale Sidra, maji yanapanda. Nilimuuliza kama nilivyofundishwa: anaona nini? Aliona mstari wa moja na nusu umelowa. Nikawapigia polisi, wakafunga vivuko vyote vitatu. Tukasubiri. Saa moja ikapita, ikaja ya pili. Wadi kavu. Magari yamepanga foleni pande zote mbili, watu wanapiga honi, na mtu mmoja akaja mpaka ofisini kuniuliza kama mimi ni mnajimu. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha kwenye tawi moja tu la mlima, na changarawe ya bondeni, iliyokauka miaka mitatu, ikayanywa maji yote njiani. Hayakufika. Polisi wakafungua njia.

Katika foleni ya upande wa milimani palikuwa na pikapu iliyombeba mzee aliyeshikwa na moyo. Alifariki pale pale, kabla ya vizuizi kuondolewa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanawe.

Yule mwana alikuja ofisini baada ya siku za msiba. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akakataa kahawa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, nataka kujua tu. Hayo maji yalikuwa wapi?"

Nilimweleza habari ya tawi la mlima na changarawe. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akaondoka. Ami Nassor aliniambia nimefanya kazi yangu sawasawa, na kwamba yeye angefunga vilevile. Najua alisema kweli. Haikunisaidia kitu. Tangu siku hiyo kila nilipoinua simu nilikuwa naogopa maji yakija, na naogopa yasipokuja.

Miaka ikaenda. Ami Nassor alistaafu, akafariki kitandani mwake, mkavu, kama alivyokuwa akiomba. Redio ikawa simu, kalamu na karatasi vikawa mtambo unaopeleka namba wenyewe kwenye skrini kila dakika tano. Wasomaji wa vijijini wakaachishwa mmoja mmoja. Mzee Seif wa Sidra naye akafa, na hapo ilikuwa tumalizane na ubao wa Sidra. Lakini mjane wake, Bi Zuwena, hakuarifiwa kwamba kazi imekwisha, au aliarifiwa akaamua hakusikia. Nyumba yao iko juu ya mwamba mdogo, na ukisimama kwenye dari, juu ya paa, unauona ubao ng'ambo ya wadi kama unavyoona saa ya ukutani. Kila mvua ikinyesha, Bi Zuwena alikuwa akinipigia.

"Raya mwanangu, hujambo? Sentimita kumi. Maji safi, ya kuogea. Watoto hawajambo?"

Niliandika namba zake kwenye daftari la kitambaa, ingawa hakuna aliyekuwa akilifungua tena. Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Alikuwa na umri wa kunizaa, na sikujua namna ya kumwambia aache.

Sasa ile siku, ambayo wengine wenu mmeisikia kwa namna tofauti.

Ilikuwa siku ya kazi, mchana. Mkubwa wetu alikuwa Nizwa kwenye mkutano. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na Thuraya, mhandisi mpya, binti mwerevu aliyehitimu mwaka ule. Kiswahili chake ni kile cha kusikia kwa bibi akiwa jikoni. Alikuwa akiniamkia shikamoo kila asubuhi bila kukosa, na baada ya hapo maneno yakimwishia anaruka kwenye Kiarabu. Toka asubuhi mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Skrini ilionyesha Sidra sentimita thelathini na moja, kitu cha kawaida kwa mvua ya namna ile.

Saa saba kasorobo simu yangu ikalia. Bi Zuwena hakunisalimu. Huyo mwanamke, katika miaka yote, hakuwahi kuacha kunisalimu.

"Raya, mstari wa mbili umezama. Nilikwenda kuwafungia mbuzi, nimerudi, umezama. Mawe yanagongana chini huko, dari linatikisika miguuni pangu."

"Bi Zuwena, unaona namba gani?"

"Naona mbili na robo. Subiri. Subiri, mwanangu, inapan…"

Simu ikakatika. Nikapiga, haikuita. Nikapiga tena.

"Thuraya, Sidra inasema nini?"

"Thelathini na moja, Bi Raya. Maji hii haipandi. Iko salama."

Nilisimama nyuma ya kiti chake. Upande mmoja mtambo mpya, uliokaguliwa wiki mbili nyuma. Upande wa pili bibi wa miaka themanini, aliyenitajia mita mbili na robo kisha akanyamaza. Mabasi ya skuli yalikuwa yaondoke saa saba u nusu, mabasi manne, kuwarudisha watoto wa milimani makwao, kupitia vivuko vyote vitatu. Ningeweza kusema nilikuwa jasiri. Nilichokiona mbele yangu wakati ule ni viatu vya mtu, vimevuliwa mlangoni.

"Nionyeshe namba za nyuma," nikasema. "Za saa nzima."

Akazifungua. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na moja, mpaka chini ya skrini.

"Unaona?" akasema Thuraya. "Imetulia."

"Maji ya mvua hayatulii, mwanangu. Hata kwenye ndoo hayatulii. Yangepanda moja, yangeshuka moja. Huo mtambo haupimi maji, umezibwa."

Baadaye tulilikuta bomba lake limejaa tope na kitambaa cha mtu. Wakati ule sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na ile orodha ya namba zisizopumua na sauti ya Bi Zuwena. Niliwapigia polisi: fungeni vyote vitatu. Nikapiga skuli. Mwalimu wa zamu aliniuliza, "Una uhakika, Bi Raya? Wazazi watatusema." Nikamwambia wazazi waje waniseme mimi, nipo ofisini mpaka magharibi. Nikapiga ofisi ya wali, mkuu wa wilaya, nikapiga hospitali.

Hospitali ndiko nilikoambiwa kwamba kuna gari la wagonjwa linakuja kutoka milimani. Limembeba mkulima aliyeumwa na nyoka akiwa anasafisha mfereji wa falaji shambani kwake. Mkono umevimba mpaka kwapani, damu inatoka kwenye fizi. Dawa ya sumu ilikuwa mjini. Walinipa namba ya dereva, mtu niliyemjua kwa sauti tu, anaitwa Juma, watu wake walitoka Tabora.

"Juma, upo wapi?"

"Nakaribia kivuko cha kwanza, mama. Dakika mbili."

"Simama juu, usishuke."

Nikasikia vifuta kioo vikienda, na nyuma yake mtu anaugua.

"Mama, nakiona hapa mbele yangu. Kikavu. Kikavu kabisa."

"Najua. Simama."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mnajua barabara ile. Ukishashuka kivuko cha kwanza, unatembea kama dakika kumi baina ya ukingo na wadi mpaka utoke cha tatu, na hapo katikati hakuna mahali pa kupanda. Ni genge upande huu na genge upande ule. Maji ya Sidra huchukua saa nzima kutufikia, pengine zaidi kidogo, lakini yakiwa makali huja upesi, na mie sikujua haya yana ukali gani kwa kuwa aliyekuwa akiyatizama hapatikani kwenye simu. Angeweza kuvuka. Angeweza pia kukutwa katikati, yeye na muuguzi na mgonjwa. Nilifanya hesabu kwenye karatasi mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa labda.

Saa saba u nusu. "Mama, bado kikavu. Nivuke?"

"Usivuke."

Saa saba na dakika arubaini. Sauti iliyokuja haikuwa ya Juma, ilikuwa ya muuguzi, mwanamke kijana, anajizuia asilie. "Shinikizo linashuka. Tungeshafika. Tungekuwa tumeshafika, unajua?"

"Najua, mama. Msivuke."

Thuraya alikuwa ameacha kutizama skrini, ananitizama mimi. Alisema kwa Kiarabu, polepole, "Na yasipokuja?" Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, naogopa. Nawaambia hili kwa sababu mtakapokaa kwenye kiti kile mtadhani wengine walikuwa na utulivu fulani ambao nyinyi hamnao. Sikuwa nao. Niliomba maji yaje. Mungu anisamehe, niliomba wadi ishuke juu ya mashamba ya watu, ili nisiwe nimeua mtu mwingine kwa njia kavu.

Saa nane kasoro dakika kumi Juma akasema, "Mama."

Aliitoa simu nje ya dirisha, nikausikia ule mlio wa mawe.

Mabasi manne, kwa ratiba yao, yangekuwa baina ya kivuko cha tatu na cha pili. Maji yale yalibeba vizuizi vya polisi na gari lao moja lililokuwa limeegeshwa karibu, wenyewe wamesimama mbali. Lami ya kivuko cha pili tuliikuta baadaye imekunjwa kama mkeka. Watoto walilala skuli kwenye magodoro ya kuazima na nasikia walifurahi.

Lakini Juma angevuka pale aliponiambia mara ya kwanza kwamba kivuko ni kikavu, angefika. Tulihesabu baadaye: angetoka kivuko cha tatu na dakika ishirini za ziada. Helikopta tuliyoiomba haikuweza kuruka mpaka mlima ulipofunguka, alasiri, na mkulima alipofikishwa kwenye dawa alikuwa amekaa saa mbili na nusu zaidi ya ilivyolazimu. Alipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikupona. Nilikwenda kumtizama wodini, nikamweleza mwenyewe, maana sikutaka aje kuniuliza. Alisikiliza, akaangalia bandeji, akasema alhamdulillah. Mkewe aliniangalia tu, na ana haki yake.

Kuhusu Bi Zuwena hatukujua lolote siku ile, wala siku ya pili. Minara ya simu ya juu ilikuwa imeanguka, njia imekatika. Nilikuwa nikipiga namba yake kila baada ya sala, nikijua haitaita. Siku ya tatu katapila likafungua njia ya vumbi pembeni, tukapanda mimi na Thuraya katika gari la ofisi. Mitende ilikuwa imelala yote upande mmoja, mizizi juu.

Kutoka mbali nililitafuta dari la nyumba yake. Nililiona. Ukuta wa ua ulikuwa umekwenda, na banda la mbuzi, na ngazi za chini. Nilishuka garini nikaita hodi, sauti ikanitoka kama ya mtoto.

"Karibu!" akajibu mtu kutoka juu. "Pandeni kwa nyuma, mbele hakuna mbele tena."

Alikuwa amekaa darini juu ya mkeka, mbuzi wake wawili kando yake, wamefungwa kwenye tangi la maji. Amefunga kanga kichwani, mguu mmoja umevimba. Nilimwamkia, nikamshika mikono, nikalia, naye akaniacha nilie kwa muda aliouona unatosha.

"Simu ilikufa," akasema. "Nilikuwa nataka kukwambia inapanda, ikafa. Nikaona basi. Nikajua mtaniuliza." Akaonyesha kwa kidevu ukuta mdogo wa dari, ulioelekea wadi.

Ukuta mzima ulikuwa umeandikwa kwa makaa ya chetezo cha udi. Safu ya saa, safu ya namba, kila robo saa, kuanzia mchana ule mpaka mwanga ulipomwishia. Alikuwa amejifungia juu pale peke yake, nyumba inatikisika chini yake, na kila robo saa amesimama akautizama ubao ng'ambo.

Mtambo wetu siku ile uliandika thelathini na moja. Vipimo vya mafuriko yale vilikuwa pale ukutani tu. Nikamwambia Thuraya atoe daftari, si kompyuta, daftari la kitambaa. Akapiga magoti mbele ya ukuta, akaanza kunakili. Bi Zuwena alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wasichana wa zamani kule kwetu, kwa hiyo Thuraya aliweza kusoma kila herufi bila kujua maneno.

"Saa saba na robo," akasoma. "Bi Raya, saa saba asubuhi? Wakati ule hata mvua…"

"Saa saba ya Kiswahili, ni saa moja yako ya mchana. Andika saa moja na robo."

"Mita mbili, themanini. Saa saba u nusu, tatu na arubaini. Saa nane kasorobo…" Akasita. "Hapa hakuna namba. Ameandika maneno. U-ba-o ha-u-po."

"Ubao umezama wote," nikamwambia. Ubao ule ni wa mita nne. "Andika: zaidi ya nne."

"Saa nane, ubao haupo. Saa nane na robo…" Akaukaribia ukuta, uso wake ukakaribia kugusa makaa. "Hapa neno lingine. Na-o-go-pa. Hii kipimo gani?"

Nilimtizama Bi Zuwena. Alikuwa akimkuna mbuzi shingoni.

"Si kipimo, mwanangu," akasema. "Hapo palikuwa hapana cha kupima. Maji yalikuwa yameingia chini, nasikia vyombo vinagonga dari kwa ndani. Na ilikuwa imefika robo saa, ilibidi niandike kitu."

Nikamfasiria Thuraya kwa Kiarabu. Kisha akaniuliza, "Niandike wapi?"

Nikamwonyesha safu ya mwisho ya daftari, ya maelezo, ambayo kwa kawaida tulikuwa tukiiacha wazi. Akaliandika neno lile kama lilivyo, herufi kwa herufi, mbele ya saa nane na robo. Akapuliza wino, akahamia mstari unaofuata.